Kihisi cha hewa barazani kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa tangu nilipofunga kihisi cha moshi na vumbi barazani kwetu Tabata, Dar es Salaam, nikaanza kuwasaidia wengine kufunga vyao. Majibu yanahusu zaidi vihisi vya kujiundia vya mtandao wa Sensor.Community, uliozaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, maana hivyo ndivyo nilivyovishika kwa mikono yangu. Mengi yanafaa pia kwa kifaa kingine chochote kinachotuma vipimo kwenye ramani iliyo wazi kwa wote.

## Mambo ya mwanzo

1. Kihisi hiki kinapima nini hasa?

Kinapima chembechembe zinazoelea hewani: moshi, masizi, vumbi, hata chumvi ya bahari. Zimegawanywa kwa ukubwa. PM10 ni chembe zenye kipenyo cha mikromita 10 kushuka chini, na PM2.5 ni zile za mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe 20 na zaidi za PM2.5 zinaenea kwenye upana wa unywele mmoja. Hizo ndogo ndizo za kuogopa. Pua na koo haviwezi kuzizuia. Zinafika mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya hadi kwenye damu.

Kipimo chake ni mikrogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa PM2.5: wastani wa mwaka usizidi 5 (zamani 10), na wastani wa saa 24 usizidi 15 (zamani 25). Shika hilo neno wastani, maana nusu ya ugomvi kuhusu namba hizi unaanzia hapo (tazama swali la 8).

2. Kinazionaje chembe ambazo mimi sizioni?

Umewahi kukaa ndani ya nyumba ya bati lenye tundu, jua likapenya kama fimbo ya mwanga, ukaona vumbi linacheza ndani yake? Vumbi lilikuwepo muda wote, mwale ndio ulioliweka wazi. Kihisi kinafanya hivyohivyo. Feni ndogo inavuta hewa, leza inaimulika, na jicho la kielektroniki linasoma mwanga unaotawanywa na kila chembe. Kutokana na mimweko hiyo kinakadiria uzito. Nasema kinakadiria kwa sababu hakipimi uzito wenyewe, na udhaifu wake mwingi unatoka hapo (maswali ya 10 na 12).

3. Nahitaji vitu gani?

Kihisi chenyewe (chetu ni SDS011), bodi ndogo yenye chipu ya ESP8266, kihisi cha joto na unyevu, waya wa USB na chaja ya simu. Nyumba yake ni elbo mbili za bomba la PVC la inchi tatu, zile za maji machafu, ukizichomeka moja ndani ya nyingine midomo ikitazama chini ili mvua isiingie. Duka lolote la vifaa vya ujenzi unazipata.

Wifi iwe ya masafa ya gigahezi 2.4 (GHz), ya 5 bodi hii haiioni kabisa, na hilo limewapotezea watu jioni nzima. Bando linalotumika ni dogo, kwa sababu kila baada ya sekunde 145 kinatuma mistari michache tu ya maandishi.

4. Kwa nini niweke vipimo vyangu hadharani? Si nitazame mwenyewe inatosha?

Namba moja ikiwa peke yake haisemi kitu. Siku moja mwezi Julai kihisi changu kilipanda kutoka 20 hadi kupita 100 ndani ya nusu saa. Nilichungulia nje nikiwa na hakika kwamba kuna anayechoma taka uani. Hapakuwa na moto. Nikafungua ramani nikaona cha rafiki yangu wa Mbagala kilikuwa kimepanda kabla ya changu, na saa ile kusi ilikuwa inavuma. Moshi ulikuwa umesafiri. Bila kile cha Mbagala ningemlaumu jirani asiye na hatia.

Ndivyo kushirikishana kunavyofanya kazi: vyote vikipanda pamoja, chanzo ni kikubwa au ni hali ya hewa, kikipanda kimoja, chanzo kiko mlangoni pake. Hakuna kifaa, hata cha bei ya gari, kinachoweza kukwambia hivyo kikiwa peke yake.

Kuna sababu nyingine. Kwa miaka mingi miji kadhaa duniani ilitegemea mashine iliyowekwa kwenye ubalozi wa Marekani kama chanzo kikuu cha vipimo vya wazi. Machi 2025 Marekani ilisitisha kuvitangaza vipimo vya balozi zake. Uamuzi ulitoka mbali, na wakazi wa miji hiyo hawakuulizwa. Vipimo vilivyomo mikononi mwa watu wengi havizimiki kwa siku moja.

## Kufunga na kutunza

5. Nikifunge wapi?

Nje, chini ya upenu, urefu wa mita mbili hadi nne, hewa ikipita bila kuzuiwa. Kikae mbali na dirisha la jiko, bomba la kutolea moshi la jenereta na pua ya kiyoyozi. Ukikifunga juu ya meza ya chipsi utapima chipsi.

6. Namba zimeganda, au zimeruka hadi 999. Kimekufa?

Mara nyingi ni mdudu. Mwisho wa kusoma kwa SDS011 ni 999.9, kwa hiyo ukiona namba hiyo saa nyingi mfululizo ujue kuna kitu kimekaa mbele ya leza. Changu kilifanya hivyo wiki ya tatu. Nilipotenganisha elbo nikakuta utando wa buibui mweupe umeziba mdomo wa mrija, na pembeni yake mayai mawili ya mjusi, madogo kama punje za mbaazi. Mayai niliyahamishia ukutani. Mrija niliupitisha brashi laini kavu, nikapuliza kwa pampu ndogo ya mkono, na namba ikarudi 17.

Ziba midomo ya elbo kwa wavu wa dirishani, ule wa mbu. Usipulize kwa mdomo: mate ni unyevu, na leza haipendi unyevu.

7. Umeme ukikatika au bando likiisha, vipimo vinaenda wapi?

Vinapotea. Kifaa hakina ghala; kisipoweza kutuma, kipimo hicho hakipo tena. Hilo si kosa lako, ila lina adabu yake katika uchoraji: pengo libaki pengo. Usijaze sifuri, maana sifuri inasema hewa ilikuwa safi kabisa, na huo ni uongo. Wala usiunganishe mstari kutoka upande mmoja wa pengo hadi wa pili kana kwamba unajua kilichotokea katikati. Programu nyingi za kuchora hufanya hivyo zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo hakikisha umezizuia.

## Kusoma namba

8. Sasa hivi kinasoma 140. Tuhame?

Tulia kwanza. Kile kiwango cha 15 ni cha wastani wa saa 24, na hicho unachokiona ni cha dakika mbili zilizopita. Pikipiki ikipiga moto chini ya dirisha inatosha kukirusha.

Lakini usipuuze pia. Chukua jioni ya kawaida kwetu: saa mbili za mapishi ya mkaa na foleni kihisi kikisoma 140, na saa 22 zilizobaki kikisoma 18. Wastani wa siku unatoka 28, karibu mara mbili ya kiwango. Saa mbili tu ndizo zilizoiharibu siku, na mtu mwenye pumu au mtoto mchanga anazivuta saa hizo zote.

9. Programu ya simu inaonyesha 100, kihisi changu 35. Nani anadanganya?

Huenda hakuna. Programu nyingi zinaonyesha fahirisi ya ubora wa hewa, AQI, ambayo haihesabiwi kwa mikrogramu. Kwa fahirisi ya Marekani, mikrogramu 35.4 za PM2.5 ndizo zinazotoa AQI 100. Pia fahirisi hiyo ilibadilishwa mwaka 2024: mwisho wa daraja la "nzuri" ulishushwa kutoka mikrogramu 12 hadi 9. Hewa ileile iliyoitwa nzuri mwaka 2023 inaweza kuitwa ya wastani leo. Kabla ya kulinganisha namba mbili, uliza kwanza kila moja ni ya kipimo gani.

10. Mbona namba hupanda usiku wa manane na alfajiri, watu wamelala?

Kuna sababu mbili, moja ya kweli na moja ya kifaa.

Ya kweli ni kwamba usiku ardhi inapoa, na hewa ya chini inapoa nayo ikatulia. Juu yake hewa yenye joto zaidi inakaa kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa jioni, taka zinazofukuta, magari ya alfajiri, vyote vinabaki chini ya kifuniko hicho. Jua likishapanda hewa inachanganyika, na mchana namba zinashuka hata kama magari yameongezeka.

Ya kifaa ni unyevu. Chembe nyingi hunyonya maji zikavimba, na leza inaona chembe kubwa mahali palipo na ndogo yenye maji. Karatasi ya maelezo ya SDS011 inaweka mwisho wa matumizi kuwa unyevu wa asilimia 70. Pwani yetu usiku unavuka 80 bila shida. Ndiyo maana nasisitiza kihisi cha unyevu kifungwe pembeni yake. Ukichora PM2.5 na unyevu juu ya mhimili mmoja wa saa, utaona usiku ambao mistari inapanda ikiwa imeshikana mikono, na usiku ambao PM2.5 inapanda peke yake. Huo wa pili ndio wa kufuatilia.

11. Faili nililopakua linaonyesha kilele saa 04:00. Nani anapika saa hiyo?

Hakuna. Swali hili limetuchanganya sisi Waswahili kuliko wengine wote, kwa sababu tunakosea mara mbili.

Muda katika hifadhi ya vipimo ni wa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, na uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. 04:00 ya faili ni 07:00 kwetu. Halafu 07:00 hatuisemi saa saba, tunaisema saa moja asubuhi. Kwa hiyo mmoja anasoma "saa nne", mwingine anahesabu "saa kumi alfajiri", na kilele chenyewe kilikuwa saa moja, muda wa chai, vitumbua na foleni.

Kuna njia ya mkato: chukua saa ya UTC, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili. 04:00 inakuwa saa 1 asubuhi. 15:00 inakuwa saa 12 jioni. 17:00 inatoa 14, toa 12, inabaki saa 2 usiku. Ukipata namba chini ya moja, ongeza 12.

Jihadhari pia na mpaka wa siku. Faili la kila siku linaanza usiku wa manane wa UTC, ambao kwetu ni saa 9 usiku. Usiku wa kuamkia Jumamosi basi unakatwa vipande viwili, cha kwanza kikae kwenye faili la Ijumaa. Unganisha mafaili, badilisha muda, ndipo ukate siku upya.

12. Namba zake zinaaminika kiasi gani?

Kwa kujua saa ipi ni mbaya kuliko ipi, na mtaa upi kuliko upi, zinaaminika vizuri. Kwa kusema "wastani wetu ni 31.4" mbele ya mahakama, hapana.

Mashine za rejea, kwa mfano zile zinazopima kwa miali ya beta, hukusanya chembe kwenye karatasi na kupima uzito wake hasa. Kihisi cha bei nafuu kinapaswa kufungwa kando ya mashine hiyo kwa wiki kadhaa, tofauti ikatafutiwa kanuni ya kusahihisha. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, unafanya hivyo Kampala, na ndani ya kila kifaa chao wameweka vihisi viwili: vikikubaliana, vizuri, vikitofautiana sana, kipimo kinatiliwa shaka. Navutiwa sana na wazo hilo, kwa sababu kifaa kinajikagua chenyewe. Wengine wamevifunga hata kwenye bodaboda zikazunguka mji.

Kama huna mashine ya rejea, fungeni vihisi vyenu vyote kwenye ukuta mmoja kwa wiki moja kabla ya kutawanyika. Hamtajua kipi ni sahihi, ila mtajua kipi kinazidisha.

Na usiiamini sana PM10. Vihisi hivi vya leza vinakosa chembe kubwa nyingi, kwa hiyo barabara ya vumbi inaonekana safi kuliko ilivyo.

## Ramani na michoro

13. Eneo letu lina rangi ya kijani kwenye ramani. Ina maana hewa ni safi?

Jibu liko kwenye maswali mawili: rangi hiyo inatokana na vihisi vingapi, na ni ya muda gani? Ramani ya Sensor.Community inachora pembesita, na pembesita nzima inaweza kuwa inasimama juu ya kihisi kimoja. Ukibofya utaona idadi. Ramani nyingine hupaka rangi hata katikati ya vihisi viwili vilivyo mbali, kwa kukisia. Inapendeza macho, lakini kati ya Kimara na Mbagala kuna mitaa ambayo hakuna aliyeipima, na mimi naona ni afadhali ibaki nyeupe.

Tazama pia mizani ya rangi. Nyekundu inaweza kuanza 25 kwenye ramani moja na 55 kwenye nyingine. Na ukichora yako, usitegemee nyekundu na kijani peke yake; kuna wasiozitofautisha, wanaume hasa.

14. Nina mafaili ya miezi mitatu. Nichore nini?

Usianze na mstari mmoja mrefu wa miezi mitatu. Utapata kitu kama nywele zilizotimka, na kila atakayeutazama ataona anachotaka kukiona.

Chora jedwali la rangi: saa 24 kwenda pembeni, siku saba kushuka chini, kila chumba kikiwa na wastani wa saa hiyo ya siku hiyo. Kwangu mchoro huo ulisema kwa dakika moja nilichokuwa nahangaika nacho kwa wiki. Kulikuwa na ukanda mzito kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku siku zote saba: mkaa. Kulikuwa na mwingine mwembamba wa saa 1 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa tu: foleni. Na chumba kimoja kilichowaka peke yake, Jumamosi saa 2 asubuhi, sikukielewa hadi nilipomwonyesha bibi mmoja wa mtaani. Alikitazama akasema, "Mwanangu, si ndiyo siku ya usafi? Watu wanafagia, halafu wanachoma." Kompyuta isingeniambia hilo.

Kwa hiyo chapisha mchoro kwenye karatasi, uandike saa za Kiswahili, na uupeleke kwa waliokaa mtaani miaka mingi. Tumia wastani wa kati, yaani kipimo kinachoangukia katikati ukivipanga vyote kwa ukubwa, badala ya wastani wa kawaida, ili siku moja ya mjusi (swali la 6) isiharibu safu nzima.

15. Pepo zina nafasi gani?

Kubwa. Pwani tuna kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na kusi inayoshika kuanzia Aprili. Ukilinganisha Februari na Julai ukasema hewa imebadilika, huenda ni upepo tu uliogeuka, ukaleta moshi wa upande mwingine wa mji. Linganisha Julai na Julai. Taarifa za upepo za uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ni za wazi na hutolewa mara nyingi kwa siku. Ziweke kando ya vipimo vyako.

## Yenye utata

16. Grafu inaonyesha jirani anachoma taka kila jioni. Nimpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa?

Grafu haionyeshi jirani. Inaonyesha moshi na saa. Soma tena swali la 4, ujue nilivyokaribia kukosea.

Ukishakuwa na hakika kwa macho yako, nenda umsalimie, mwonyeshe mchoro, muulize gari la taka linapita lini kwake. Mara nyingi halipiti. Hapo suala linageuka, na kwa mwenyekiti mnakwenda pamoja mkiwa na karatasi moja.

17. Watu hawatajua nyumba yangu ilipo?

Wanaweza kujua mtaa. Sajili kwa nukta ya karibu badala ya mlango wako. Desimali tatu za latitudo ni kama mita 110, inatosha kwa ramani. Lakini fikiria pia wengine. Kihisi kilichofungwa ndani ya nyumba kinaonyesha saa za kupika, kulala na kusafiri za familia nzima. Cha ndani usikiweke hadharani.

18. Sheria inaruhusu kuchapisha vipimo hivi Tanzania?

Hofu inatokana na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyobana uchapishaji wa takwimu zinazokinzana na za serikali. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha tena na kulegeza sehemu hiyo. Mimi huandika juu ya kila mchoro: "Vipimo vya kihisi cha bei nafuu, si takwimu rasmi", pamoja na aina ya kifaa na mahali kilipofungwa. Ni ukweli, na msomaji ana haki ya kuujua.

19. Naweza kukitumia kujua kama jiko la mkaa ni salama chumbani?

Hapana, hapana kabisa. Kihisi hiki hakioni gesi. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi, namba inaweza kushuka hadi 20, na wakati huohuo chumba kinajaa kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Jiko litoke nje kabla ya kulala, kihisi kiseme kinachosema.

20. Kinadumu muda gani, na nikihama je?

Leza imekadiriwa saa 8,000. Ikiwaka mfululizo ni miezi kumi na moja, lakini programu yake huiwasha sekunde kama 20 tu katika kila 145, kwa hiyo feni au kutu ya chumvi ndivyo vinavyotangulia. Kila mwaka kirudishe kwenye ukuta wa pamoja (swali la 12) kwa wiki moja.

Ukihama, usiendelee na usajili uleule. Sajili mahali papya kama kituo kipya, cha zamani kiache kiishie siku uliyokifungua ukutani, la sivyo miaka miwili ijayo kuna atakayeona hewa ya Tabata imesafika ghafla wakati wewe umehamia Kigamboni.